Siku Tisini za Mama Tarehe

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti. Ukimkosea alikutazama tu, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, na hapo ulijua mambo yameharibika. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika kampuni inayohudumia lifti na jenereta, na kazi yake ilikuwa moja: kujua mkataba wa nani unaisha lini. Ofisini walimwita Mama Tarehe. Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, na kila mteja, iwe hospitali, hoteli au kiwanda cha mikate, alipigiwa simu siku tisini kabla ya mkataba wake kuisha.

"Nakukumbusha mapema ili ufikirie," alikuwa akiwaambia. "Ukitaka kuendelea nasi, karibu. Ukitaka kuondoka, bado una nafasi."

Nafasi hiyo ilikuwa jambo kubwa. Ndani ya mikataba ile kulikuwa na kifungu cha herufi ndogo kama chawa: mteja asiyetoa taarifa siku thelathini kabla ya mwisho, mkataba wake unaendelea wenyewe kwa miaka mitatu mingine, apende asipende.

Alipotimiza miaka hamsini na nne, kampuni ikaleta mfumo wa kompyuta wa kutuma vikumbusho bila mtu kushika simu. Wenzake wakadhani amekwisha. Mhasibu akamtania mbele ya birika la chai, "Sasa Mama Tarehe, si utakaa nyumbani uote jua?"

"Nitaota jua siku wewe utakapoota nywele," akamjibu. Mhasibu akapapasa kipara chake, ofisi nzima ikaangua kicheko.

Hakulilia daftari lake. Aliomba afundishwe. Wiki tatu alikaa mbele ya skrini, ncha ya ulimi ikiwa imechungulia pembeni mwa mdomo, akiingiza wateja mia mbili na kumi na sita mmoja baada ya mwingine. Mimi niliyekuwa nikiishi naye alinifanya mteja wa majaribio. Tuko mezani tunakula, simu yangu inalia: Mpendwa mteja, mkataba wako wa lifti utaisha baada ya siku tisini.

"Lifti gani, Shangazi, na nyumba yenyewe haina hata ngazi?"

Alicheka hadi machozi. Chini ya kila ujumbe aliweka jina lake na namba ya simu ya mezani kwake.

Miezi minne mfumo ulikwenda vizuri. Kisha akaja meneja mpya, akamwita ofisini kwake.

"Mama, kazi yako safi kabisa. Ila siku tisini ni nyingi mno. Weka ishirini na tano."

"Ishirini na tano? Wakati zile thelathini zimeshapita?"

Meneja akatabasamu. "Hatumdanganyi mtu. Mkataba wanao, wausome. Sisi tunakumbusha tu."

Shangazi akavua miwani. "Unafunga mlango, halafu ndiyo unamwambia mtu kwamba alikuwa na ruhusa ya kutoka. Huko si kumkumbusha, bosi. Huko ni kumcheka."

"Sikuombi, Mama. Nakuagiza."

"Basi mwagize mwingine."

Meneja hakumwagiza mwingine, alijifanyia mwenyewe. Ijumaa ya wiki iliyofuata, Shangazi alipofungua orodha, akaona hakuna ujumbe hata mmoja wa siku tisini uliotoka tangu Jumatatu. Wateja kumi na mmoja waliofikia siku ya kukumbushwa hawakuwa na habari. Tisini ilikuwa imefutwa, na ishirini na tano imekaa mahali pake. Kilichomchoma zaidi ni kwamba jina lake bado lilikuwa pale chini.

Angeweza kwenda kujificha na simu yake chooni. Hakutaka. Alitoa daftari kabatini, akafungua mlango wa ofisi wazi kabisa, akaanza kupiga simu kwa sauti ambayo wenzake hawakuwahi kuisikia. "Mkataba wenu unaisha baada ya siku themanini na sita. Msipoandika barua mapema, mmefungwa miaka mitatu. Ndiyo. Andika tarehe, nakusubiri."

Alikuwa anazungumza na muuguzi mkuu wa hospitali moja meneja alipotokea. "Weka simu chini."

"Namaliza na mteja, bosi. Si adabu kumkatia mtu."

Akamaliza wote kumi na mmoja. Mchana huohuo akapewa barua ya onyo. Alitia saini, na chini yake akaandika kwa mkono: Nimesoma. Sikubali. Jumatatu akahamishiwa ghalani, kupanga mikanda na nyaya.

"Shangazi, si ungeomba radhi yaishe?" nilimwambia.

"Nitajie kosa, nitaomba."



Yule muuguzi mkuu ndiye aliyelikoroga zaidi. Alimwandikia mkurugenzi kwamba hospitali haitatia saini tena mpaka siku tisini ziandikwe ndani ya mkataba wenyewe. Mwenye hoteli akafanya vivyo hivyo, na kiwanda cha mikate kikafuata. Wateja wawili wakaondoka kabisa. Mkurugenzi akaja mwenyewe, akakusanya wafanyakazi wote.

"Nani aliwaambia wateja?"

Shangazi akasimama nyuma kabisa, amevaa koti la ghalani lenye vumbi. "Mimi. Na nikipewa simu sasa hivi, nitawaambia tena."

Mkurugenzi alizitazama zile barua mkononi mwake, akaagiza tisini irudishwe. Hakumsifu mtu. Meneja alibaki na cheo chake. Shangazi aliambiwa anaweza kurudi mezani kwake, mradi amwandikie meneja barua ya kuomba radhi. Akasema ghalani panamtosha.

Hapamtoshi, najua. Kuna vumbi, na kutwa anasimama juu ya saruji. Jioni moja amerudi anachechemea, nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kama anajuta.

"Wateja wanakumbushwa siku ngapi kabla?" akaniuliza.

"Tisini."

"Basi niletee maji ya moto niloweke miguu."