Kitambaa Chenye Mfuko wa Plagi

Dada yangu Sesilia anafuma vitambaa, na kama umewahi kukaribishwa kwenye sebule yoyote kati ya Mtoni na Yombo, yaelekea umeshaegemea kazi yake. Kwetu huku nyumba isiyo na kitambaa inaonekana kama haina mwenyewe. Kochi linavishwa, meza inavishwa, friji linavishwa kichwani, televisheni inavishwa. Na redio, inayokaa juu ya kabati mahali ambapo kila mgeni ataiona, inavishwa kuliko vyote. Sesilia alifundishwa kufuma na masista wa misheni kule Ndanda akiwa na miaka kumi na miwili, akaja na kazi hiyo Dar, akasomeshea watoto watatu. Mimi, Jenipher, mdogo wake, nauza mapazia ya mtumba sokoni Tandika, na nina mdomo. Yeye hana. Ndiyo maana habari hii naisimulia mimi.

Nyumba ya nne kutoka kwetu anakaa Mwalimu Sekela, mtu wa Tukuyu, anafundisha shule ya msingi. Mwanzoni mwa mwaka alinunua redio ya kubeba, ile yenye mpini juu na spika mbili pembeni, unachomeka flashi au unaiunganisha na simu, ila haina betri, inatumia umeme wa ukutani tu. Akaja kwa Sesilia akataka kitambaa cha kuifunika. Hakutaka chepesi cha matundu, maana vumbi la barabara yetu linapita popote. Alitaka kizito, uzi maradufu, kishuke mpaka chini nyuma na pembeni, mbele tu kiachwe wazi pa kubonyezea. Sesilia akamfumia tausi aliyefungua mkia, wiki mbili nzima. Siku kilipovalishwa redio majirani walikuja kukitazama, na sitasema uongo, kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kufuma.

Hapohapo Mwalimu akaagiza seti nzima kwa ajili ya binti yake Hope, aliyekuwa anaolewa mwezi wa tisa. Binti anapoagwa kwao, kwenye ile sherehe tunayoiita sendofu, mama yake anamkabidhi vitu vya kuanzia maisha mbele ya wakwe, na vitambaa havikosi. Wakwe hawavipokei hivihivi. Wanavishika, wanavigeuza, wanachungulia upande wa nyuma kama nyuzi zimefichwa vizuri. Sesilia hana kibao wala fremu ya duka. Jina lake ndilo linalomletea wateja, na sendofu ya binti wa mwalimu ingelifikisha jina hilo mbali.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Hope alikuwa anafanya usafi, redio ikiimba kwa sauti ya juu tangu asubuhi, kitambaa kikiwa juu yake, na redio yenyewe imesukumwa mpaka imegusa ukuta ili mbele pabaki nafasi ya picha za familia. Saa saba mchana muziki ulikatika, ikafuata harufu ya plastiki inayoungua. Hope alifanya jambo la akili. Mikono yake ilikuwa na maji ya kudekia, hakuigusa redio. Alijifuta, akakimbilia meinswichi, akazima umeme wa nyumba nzima, ndipo akachomoa plagi. Hakuna aliyeumia. Lakini mgongo wa redio ulikuwa umelegea na kubonyea, na mkia wa tausi ulikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani.

Kesho yake, Jumapili mchana, tulikuwa kwenye kikundi chetu cha akina mama, wanawake ishirini na kitu chini ya turubai nje kwa mwenyekiti. Mwalimu Sekela akafika, akatoa kile kitambaa kwenye mkoba, akakitandaza mezani tundu likiwa juu.

"Sesilia," akasema, yeye ambaye siku zote humwita Mama Benson, "kitambaa chako kilitaka kuniunguzia nyumba, mwanangu akiwa ndani. Ile seti ya Hope acha. Nitanunua dukani."

Nikainuka mimi. "Mwalimu, si wewe mwenyewe ulitaka kizito? Si ulisema kifike mpaka..." Sesilia akanivuta gauni nikae. Akakikunja kitambaa taratibu, akakiweka kwenye mfuko wake.

"Nimesikia, Mwalimu," akasema. "Pole sana, wewe na Hope."

Njiani nilikuwa nachemka. "Dada, kataa. Sema redio yake mbovu. Nani atabisha? Ukinyamaza hivi wanakumaliza."

"Jeni, mie nimeshafuma vitambaa vya redio thelathini na kimoja," akasema. "Hiki kimeungua. Vile thelathini vinafanya nini saa hizi?"

Swali hilo lilinikasirisha zaidi. Kufikia Jumanne wateja wawili walikuwa wamekuja kuchukua nyuzi zao. Walisema wamepata safari. Safari gani ya watu wawili kwa siku moja, hata kuaga hawakuaga vizuri.

Jumatano Sesilia alikwenda kwa Marselino, fundi redio wa pale Tandika, ambako redio ya Mwalimu ilikuwa imepelekwa. Nilifunga meza yangu nikamfuata. Marselino ni kijana wa maneno mengi lakini kazi anaijua. Akaigeuza redio, akatuonyesha mistari ya matundu membamba mgongoni na juu.

"Dada, hii mashine inapumulia huku," akasema. "Ikipiga kwa nguvu inapata joto, na joto linatokea hapa. Sasa nyie mnaifunikaga kama mgonjwa wa malaria, mnaibana ukutani, halafu mnaiwasha masaa sita. Itaachaje kuungua?"

"Kwa hiyo kosa ni la kitambaa," Sesilia akasema.

"Kosa ni la kitambaa ikiwa inaimba. Ikishazimwa ikapoa, funika tu. Vumbi nalo linaiua."

Hapo ndipo dada yangu, asiye na mdomo, alipomkalisha yule fundi kwenye maswali saa nzima. Ikae mbali kiasi gani na ukuta? Kiganja kilichonyooshwa, nyuma na pembeni. Na kitambaa cha kutandika chini yake? Chembamba kilichonyooka hakina neno, maana redio ina miguu ya mpira. Umeme ukikatika? Chomoa plagi, usubiri urudi utulie, maana ukirudi huwa unarudi kwa kishindo. Redio na pasi na jagi la kuchemshia kwenye ekstensheni moja? Marselino akacheka, akasema hiyo ni kutafuta kesi. Sesilia akamfanya arudie yote tangu mwanzo, naye akasikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyofanya akihesabu nyuzi. Mimi nilikuwa nimeshachoka, nimekalia kopo la rangi.

Akarudi nyumbani akaanza kufuma kitu kipya. Wazo la kwanza lilikuwa kitambaa kirefu mbele, kinachofunika vitufe, ili mtu asiweze kuwasha redio bila kukivua. Tukakijaribu kwenye redio yangu. Nikachukua rimoti, nikabonyeza, redio ikaimba ndani ya kitambaa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka. Akafumua kazi ya siku mbili yote, akaanza upya.

Wazo la pili ndilo lililosimama. Pembeni mwa kitambaa akafuma mfuko mdogo wa uzi mwekundu, wenye kifungo. Unazima redio, unachomoa plagi ukutani, unaiacha redio ipoe, unaifunika, kisha plagi unaiingiza mfukoni na kufunga kifungo. Plagi ikiwa mfukoni, haiwezi kuwa ukutani. Nilikigeuza kitambaa kile mara tatu nikitafuta kasoro, maana ndiyo tabia yangu, nikaikosa. Nilisikia raha moyoni lakini sikumwambia.

Basi akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba. Hana daftari la wateja. Anakumbuka kwa maua. Alizeti wako Tandika, nanasi yuko Azimio, waridi wawili wako Yombo. Kila alipoingia alisema maneno yaleyale: "Nilikufumia kitambaa cha redio. Nilikosea. Naomba nikirekebishe." Maneno hayo yalikuwa yananichoma. Nilimwambia aseme "nimeboresha," kama wanavyosema kwenye matangazo. Akaniambia niende kwenye mapazia yangu. Sikwenda.

Kila nyumba alikaa saa moja na nusu, akishona mfuko palepale, bure, huku macho yake yakizunguka sebule. Hakuweza kuacha kitu kama kilivyo. Alisogeza redio kutoka ukutani kwa kupima na kiganja chake. Alishusha vyombo vya maua vyenye maji vilivyokaa juu ya spika. Alichomoa majiko ya umeme kwenye ekstensheni. Nyumba moja ya Azimio walidhani ni mtu wa shirika la umeme, wakataka kufunga mlango.

Yombo Vituka tulimkuta Mzee Fakihi, mchonga vinyago, mtu wa kwetu kusini, amekaa na redio yake inaimba chini ya waridi la Sesilia.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba. Nimeshasikia mnachozungukia. Hii redio ina miaka miwili chini ya kitambaa hiki na haijawahi kupiga hata chafya. Sivui."

Nikafungua mdomo, Sesilia akanitangulia. "Usivue, baba. Naomba tu upitishe mkono kule nyuma, ushike."

Mzee akapitisha mkono, akautoa haraka kuliko alivyouingiza. Akauangalia. Kisha akainuka mwenyewe, akazima redio, akachomoa plagi, akakivua kitambaa akamkabidhi. Wakati Sesilia anashona, mzee alimuuliza kama mfuko ule unaweza kufumwa kwa rangi ya njano, ya timu yake.

Mteja mmoja alikuwa amehamia Kigamboni. Tulipanda pantoni, tukauliza nyumba saa nzima, na tulipoipata kitambaa kilikuwa kinafunika ndoo ya maji ya kunywa. Sesilia alifurahi kuliko kwenye nyumba nyingine zote.

Ziliisha nyumba thelathini kwa wiki tatu. Ikabaki moja. Asubuhi ya Jumamosi alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akachukua kile kitambaa cha tausi. Alikuwa amelifuma upya lile tundu, mkia umerudi, na mfuko mwekundu upo pembeni. Nilikwenda naye nikiwa nimeapa kunyamaza.

Mwalimu Sekela alikuwa anasahihisha madaftari. Redio ilikuwa imetengenezwa, imerudi juu ya kabati, haina kitu, imebanwa ukutani vilevile.

"Mwalimu, sikuja kuomba seti," Sesilia akasema. "Nimekuja kumaliza kazi yangu."

Akaivuta redio mbele, akapima kiganja nyuma, kiganja pembeni. Akamwonyesha yale matundu. Akachomoa plagi, akavalisha kitambaa, akaingiza plagi mfukoni, akafunga kifungo. Mwalimu alimtazama kwa yale macho ya kusimamia mtihani.

"Na nikisahau?" akauliza.

"Ukisahau, mfuko utakuwa mtupu. Hata mtoto anayepita ataona."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akashikashika ule mfuko. "Mama Benson, kusema kweli ni mimi niliyetaka kizito."

"Lakini fundi ni mie," Sesilia akajibu. "Ilitakiwa mie ndiye nijue."

Nilitaka kumfinya. Mlango wa kujitetea ulikuwa umefunguliwa, angepita tu. Mwalimu Sekela akavuta kalenda iliyokuwa chini ya madaftari.

"Bado wiki tano," akasema. "Zinakutosha?"

"Zinanitosha."

Sendofu ilifanyika mchana, uani kwa Mwalimu, turubai mbili, na redio ileile imewekwa juu ya stuli mbali na majiko na ndoo, bila kitambaa, ikihema vizuri. Wakwe walitoka Mbeya na Morogoro. Ulipofika wakati wa kukabidhi, seti ya Sesilia ilipitishwa mikononi mwao: vya makochi, cha meza, cha friji, cha redio, vyote tausi. Mama mkwe wa Hope, mwanamke mrefu mwenye miwani, alivigeuza kimoja kimoja akaangalia nyuma. Alipofika kwenye cha redio akashika mfuko mwekundu.

"Na hiki kimfuko ni cha nini?"

Mwalimu Sekela alikuwa na maikrofoni mkononi. Akaeleza, kwa ufundi wa mwalimu, mpaka wanaume wa nyuma wakaelewa. Yule mama akakigeuza tena, akauliza nani kafuma.

Mwanamke mwingine angetaja jina akaendelea na ratiba. Mwalimu Sekela alisubiri watu wanyamaze.

"Kafuma dada yangu Sesilia," akasema kwenye maikrofoni. "Huyu kazi yake ikiwa na kosa, hasubiri umtafute. Anakuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, anakwambia. Mimi nilimwaibisha mbele ya wanawake ishirini, na leo mbele yenu wote naomba asimame mumwone."

Akina mama wa kikundi chetu wakaanza vigelegele. Wale wawili wa safari nao walikuwemo, wanapiga kwa nguvu kuliko wote, na nikawaacha. Sesilia akasimama, mikono ameshika mkoba wake tumboni, hajui aangalie wapi. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nikasimama na mimi, ingawa hakuna aliyekuwa ameniita.