Gari Lisilokunywa Maji

Gari langu halina rejeta. Nimelisema jambo hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, Goma na hapa Gisenyi, kwa mafundi, kwa polisi wa barabarani na kwa mapadri, na bado haipiti wiki bila mtu kufungua boneti ya mbele akitafuta pa kutia maji. Anakuta gurudumu la akiba na tangi la petroli. Ananitazama kama mtu aliyedanganywa. Ndipo ninamzungusha nyuma, ninainua kifuniko na kumwonyesha injini fupi iliyolala chali, na feni inayovuta hewa na kuipuliza juu ya vyuma vyake. "Hewa tu?" anauliza. Hewa tu. Hewa hii hii ya ziwani tunayoivuta sisi.

Nililipata nikiwa mwalimu kijana. Mzungu mmoja mnunuzi wa kahawa alirudi kwao akamwachia mlinzi wa ghala lake gari hilo kama zawadi ya kuagana, na mlinzi hakujua alifanyie nini. Lilikuwa limekaa juu ya matofali, kuku wakitaga kwenye kiti cha abiria. Gari la spoti, milango miwili, rangi ya maziwa, paa lililoinama kuelekea nyuma kama mgongo wa kobe. Nilimpa mlinzi ng'ombe jike mwenye mimba. Baba yangu hakunisemesha Kwaresima nzima. Pasaka ilipofika aliniambia sentensi moja: "Ng'ombe anazaa. Hilo litazaa nini?"

Nilikuwa nimetoka seminari miaka michache tu, baada ya kutambua kwamba sikuitwa kuwa padri, na nilidhani wito wangu wa kweli ni kufundisha watoto kusoma na kukaa kimya. Lakini nilipoliwasha lile gari mara ya kwanza, baada ya miezi minane ya kusafisha na kuomba vipuri kwa kila dereva aliyekwenda Kampala au Bujumbura, nilicheka peke yangu kama mtoto. Sauti yake si ya kuunguruma. Ni sauti kavu, ya haraka, kama mashine nyingi za cherehani zinazoshona nguo moja.

Watu huniuliza kwa nini gari la zamani namna hii linapendwa kuliko mapya yanayopita kando yake yakiwa yanang'aa. Niliwahi kuona dereva wa lori pale Grande Barrière, kwenye mpaka wa Goma, akiacha foleni, na foleni aliisubiri tangu alfajiri, ili aje asimame nyuma ya gari langu asikilize. Alipomaliza alinishika mkono kwa mikono miwili, akarudi akakuta wenzake wamempita. Mimi nadhani ni kwa sababu halifichi kitu. Mtu mwenye subira na bisibisi anaweza kulielewa lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na vitu vya namna hiyo vinapungua duniani. Harufu ya oili yake ya moto inabaki kwenye koti mpaka Jumapili ijayo. Linazeeka pamoja nawe, na likiumwa linakuambia mapema, kama unajua kusikiliza.

Seminari nilifundishwa kuchunguza dhamiri kila jioni, na sitadanganya: kwa miaka mingi gari hili limekuwamo katika uchunguzi huo. Paroko wetu wa zamani alinitania mbele ya waamini, "Katekista wetu ana sanamu moja tu, lakini ina magurudumu manne." Mke wangu hakutania. Tangu tulipooana amekuwa akiliita mke mwenza. "Mwenzangu ameamkaje?" huuliza asubuhi anaponiona natoka uani nikiwa na mikono myeusi. Hata hivyo, kila Jumapili limewapeleka kanisani wajane wawili wa mtaa wetu, mmoja mmoja, safari mbili, kwa sababu kiti cha mbele ni kimoja na kile cha nyuma kinafaa mikoba. Nimemwomba Mungu alihesabu hilo upande wa pili.

Mwanzoni mwa mvua za mwaka huu daktari wa macho aliniambia niache kuendesha. Nina presha ya macho. Kilicho mbele yangu nakiona, lakini pembeni kunazidi kufungwa, kama mtu anayesogeza mapazia kutoka pande zote mbili. "Mzee, mwezi huu uwe wa mwisho," alisema, na alisema kwa upole, kwa hiyo sikuweza hata kukasirika.

Watoto wangu wawili wako Kigali. Walipata habari hiyo na katika siku tatu walikuwa wamempata mwenye hoteli aliyetaka kuliweka gari ukumbini, nyuma ya kamba.

"Litatunzwa vizuri, Papa," binti yangu aliniambia kwenye simu. "Litakuwa linapigwa dasta kila siku."

"Litawashwa?"

"Papa, ni la kutazama."

Injini ya namna hii isipowashwa inakufa polepole. Mipira inakauka, petroli inageuka gundi, kutu inaingia pasipoonekana. Niliwaomba mwezi mmoja nitafute mtu wa kuliendesha. Nisipompata, hoteli ilichukue. Walikubali, nami nikaanza kuwapima watu wote ninaowajua, na kila mmoja nikamwona amepungua.

Aliyejitokeza alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Amepita hamsini. Miaka mingi alikuwa kiongozi wa wavua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu, hadi mgongo ukamkatalia. Siku hizi anashona nyavu ufukweni. Leseni anayo, maana aliwahi kuendesha pikapu ya kupeleka samaki.

"Shemeji, mi niko hapa," alisema. "Sababu gani unatafuta mbali?"

"Wewe hujawahi kumiliki hata baiskeli."

"Na we ulikuwa na ng'ombe, ukaitoa."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nikasema sawa, aje Alhamisi, anisindikize kupanda mlima hadi Kanama kwenye misa ya shukrani ya padri mmoja niliyesoma naye. Nitamwona jinsi anavyolitazama gari.

Alhamisi alifika mapema, amevaa shati la kanisani. Nilikuwa ndani natafuta rozari yangu. Yeye, kwa wema wake, alitaka kusaidia. Kila dereva wa hapa kwetu anajua kwamba hupandi mlima ule bila kutazama maji kwanza. Chini ya kilima kuna watu wanaoishi kwa kuuza maji ya rejeta. Alifungua mbele, akakuta tangi la petroli. Akafungua nyuma, akatafuta, akakuta kifuniko kimoja tu cha kuzungusha. Hakuniambia. Alidhani nitafurahi kukuta kazi imekwisha.

Tulikuwa hatujafika mbali kwenye mlima, mashamba ya chai yameanza kuonekana, niliposikia ile sauti kavu imekuwa nzito, kama mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Kisha taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima hapo hapo, gari likasimama nusu kwenye majani. Nikaenda nyuma, nikafungua kifuniko cha oili, nikaingiza kidole. Kilitoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Umeweka nini humu?"

"Maji."

"Maji kiasi gani?"

"Bidoni nusu. Ilikataa kuingia ingine." Alikuwa bado anatabasamu kidogo. "Mi niliona hakuna hata tone. Nikasema, Mungu wangu, huyu muzee atatuua ku mulima."

Sikupiga kelele. Nilijivunia hilo kwa dakika nzima. Lakini nilisema neno moja, tena kwa sauti ya chini, na nadhani kelele zingekuwa afadhali. Nilisema, "Nilijua."

Tabasamu lake likaondoka. Alisimamisha pikipiki, akapanda, akashuka nayo Gisenyi bila kuniaga. Mimi nilivutwa kwa kamba na lori la viazi hadi nyumbani, na misa ya rafiki yangu sikuiona.

Siku tisa shemeji hakukanyaga kwetu. Kwa mtu ambaye hunywa chai mezani petu karibu kila jioni, siku tisa ni nyingi. Siku ya tisa mke wangu aliweka chakula mbele yangu, akabaki amesimama.

"Mwenzangu amekunywa maji, na ndugu yangu ndiye amezama," alisema. "Ulimwambia nini huko mlimani?"

"Neno moja tu."

"Basi nenda ukalichukue."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilimkuta amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wavu magotini, na hakuinua kichwa ingawa mwendo wangu anaujua. Njiani nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, kama mtu aliyefundisha katekisimu miaka mingi, na yote yalinipotea. Nilisema, "Shemeji, nilikukosea. Gari lina spea. Wewe sina spea yako."

Alifunga fundo moja, akakata uzi kwa meno. "Imekufa?"

"Bado. Nilizima mapema."

"Donc, inaweza kupona."

"Inaweza. Lakini nahitaji mtu wa kuingia chini yake. Mimi sioni vizuri."

"Na mi mugongo ni mubovu."

"Basi wabovu wawili tutatoa mzima mmoja."

Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kabla sijamsaidia kusimama.

Kazi yenyewe haikuwa na ujanja, ilitaka subira tu. Tulimwaga oili yote, ikatoka nzito na nyeupe. Tukatia nyingine ya bei nafuu, tukaizungusha injini kidogo, tukamwaga tena. Mara ya kwanza ilitoka rangi ya chai ya maziwa, mara ya pili kama maziwa yamepungua, mara ya nne ikatoka oili. Yeye alilala juu ya mkeka chini ya gari akilalamika mgongo na kuimba kwa zamu. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikimwelekeza. Mke wangu alituletea chai na kusema haoni tofauti kati ya ya kikombe na ya ndoo.

Siku ya tano tuliliwasha. Likawaka, ashukuriwe Mungu, lakini halikuwa sawa. Lilikuwa linakwenda likijikwaa. Nilisikiliza kwa muda mrefu. Nikasema ni kabureta. Nikaanza kutafuta bisibisi ndogo.

Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya gari, macho ameyafunga, mkono mmoja juu ya kifuniko. Kidole chake kilikuwa kinagonga.

"Kuko mumoja hapigi kasia," alisema.

"Nani?"

"Jina yake sijui. Humu wako wangapi?"

"Silinda nne."

"Bon. Watatu wanavuta. Mumoja anaingiza kasia ku maji, anaitoa, hafanye kazi. Anadanganya wenzake." Alifungua macho. "Ku mitumbwi usiku humuoni mutu, shemeji. Unamusikia."

Niliweka bisibisi chini. Tulichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, injini ikiwa inakwenda. Ya kwanza, injini ikayumba. Ya pili, ikayumba. Ya tatu tulipoichomoa, haikubadilika hata kidogo. Hiyo silinda haikuwa inafanya kazi tangu mwanzo. Plagi yake ilikuwa imegandwa na utando mweupe. Tuliisafisha kwa brashi ya waya, tukairudisha, na ile sauti kavu ikarudi nzima.

"Sasa wanavuta wote," alisema, kama mtu anayezungumza juu ya vijana wake.

Nilikuwa nimeketi. Kwa miaka arobaini nilikuwa nimeamini kwamba sikio lile ni langu peke yangu katika mji huu, na nilikuwa nimehuzunika kwa ajili yake kuliko nilivyohuzunika kwa ajili ya macho. Kumbe Mungu alikuwa amelifundisha sikio jingine huko ziwani, kila usiku, mbali na kila injini, na mwenye nalo amekuwa akinywa chai mezani pangu nami nikihesabu kwamba hafai.

Jioni hiyo niliwapigia watoto, nikawaambia nimempata mtu.

"Nani, Papa?"

"Mjomba wenu."

Mwanangu wa kiume akauliza taratibu, "Yule aliyelinywesha maji?"

"Huyo huyo. Ndiye mtu pekee wilaya yote ya Rubavu ambaye hatalirudia kosa hilo."

Walicheka wote wawili. Binti yangu akasema atamwambia mwenye hoteli atafute maua ya kuweka ukumbini.

Jumamosi mwezi ulikwisha. Nilimpa shemeji funguo na hati za gari mbele ya dada yake, nikazunguka upande wa kulia, wa abiria, nikaingia. Sikuwahi kukaa kwenye kiti kile. Tulichukua barabara ya Rubona inayopanda juu ya ziwa, na kwa kona mbili za kwanza mguu wangu ulikuwa ukikanyaga klachi isiyokuwepo. Kwenye kona ya tatu nilisikia injini ikianza kuchoka, nikafungua mdomo kumwambia ashushe gia. Alikuwa ameishashusha.

Nikafunga mdomo. Nikageuza shingo yote upande wa kulia, mpaka ile sehemu ya macho inayoona bado ikatazama nje ya dirisha, na ziwa likawa hapo chini, lote, hadi milima ya Kongo. Nimepita barabara ile maisha yangu yote nikitazama lami. Sikujua kwamba kwenye kile kilima maji yana rangi tatu.

"Shemeji, umenyamaza," alisema. "Unasali?"

"Natazama."

"Bon," akasema, akapunguza mwendo kidogo. "Tazama. Hatuna haraka."