Ripoti Yangu Ilimfukuza Mzee Aliyenifunza Kazi ya Usoja

Admin, naomba ufiche jina langu kwa sababu bado ninafanya kazi pale pale. Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili. Nyumbani ni Matinyani, Kitui, lakini kazi yangu iko upande wa Makueni, kwa godauni moja kubwa ya vifaa vya ujenzi. Najua wengi mkisikia soja mnafikiria mtu wa kufungua geti tu. Hata mimi nilifikiria hivyo siku ya kwanza nilipopewa sare iliyonizidi mabega.

Aliyenibadilisha mawazo ni mzee mmoja wa kijiji cha Tulia. Nitamwita Mzee Kyalo, ingawa si jina lake. Alikuwa amekaa kwa lile geti miaka mingi kuliko mtu yeyote. Alinifunza kukagua lori bila kumdharau dereva, kusimama mahali ambapo mtu hawezi kukuzunguka, na kuandika kwa kitabu cha geti kitu nilichoona, si kile nilichodhania. Alikuwa ananiambia hii kazi ina vitengo vingi, kuna watu wa mbwa, kuna wa kamera, kuna wa uchunguzi, na kwamba yeye alibaki chini kwa sababu shule aliachia darasa la sita. Tangazo la mafunzo ya kamera lilipobandikwa, ni yeye aliyelitoa ukutani akaniletea. Zamu zangu za Jumamosi alizishika yeye ndio mimi niende darasani.

Lakini tulikuwa na siri. Macho yake yalikuwa yanaenda. Tukiwa zamu moja, mimi ndiye niliyemsomea karatasi za kutolea mzigo, yeye anafungua geti. Hatukumwambia mtu, maana soja asiyeona anarudishwa nyumbani. Nilipohamia chumba cha kamera, nilijua amebaki bila mtu wa kumsomea. Nilijua, na nikaendelea na maisha yangu.

Mwaka jana nikapandishwa hadi kitengo cha uchunguzi, kwa majaribio. Kabla hata sijazoea kiti, mabati yakapotea stoo. Bosi akaniambia nipitie kamera, niandike ripoti. Nikaona saa saba mchana, watu wakiwa chakula, pikapu inafika geti la nyuma. Dereva ananyoosha karatasi. Mzee anaishika, anaileta karibu kabisa na uso, anaigeuza, halafu anafungua.

Ningeweza kutoka nje, nitembee hatua chache tu, nimuulize. Sikuenda. Niliogopa kuambiwa ninamlinda mtu wangu, na ile kazi niliitaka sana. Nikaandika kwamba soja wa geti la nyuma aliruhusu mzigo utoke bila idhini. Ile ya karatasi karibu na uso sikuiandika. Nilijiambia kwamba nikitaja macho atafukuzwa tu. Lakini angefukuzwa kama mgonjwa, si kama mwizi.

Walimfuta kazi siku hiyo hiyo. Alipekuliwa begi pale getini na vijana aliowafundisha mwenyewe. Mimi niliangalia kwa kamera.

Baada ya miezi miwili, mtu wa stoo akashikwa na mzigo mwingine, na mimi ndiye niliyechukua maelezo yake. Akasema, hata bila kubanwa sana, kwamba ile pikapu ya kwanza ilikuwa yake pia. Karatasi waliyompa mzee ilikuwa ya zamani, ya mzigo mwingine kabisa, kwa sababu alishagundua mzee haoni. Nikapeleka maelezo kwa bosi. Akasoma, akasema mwizi tumeshampata, ile ya mzee ilifungwa, na tukiifungua itaonekana sisi ndio tulikosea. Wiki hiyo nikapewa barua ya kuajiriwa kikamilifu.

Nikaenda Tulia. Nilimkuta ameketi kando ya mlango wa nyumba yake, haoni tena isipokuwa mwanga. Mke wake alinipokea kwa furaha. Akaniambia kanisani walimvua mume wake uzee wa kanisa kwa kuitwa mwizi, na tangu hapo haendi hata akibembelezwa. Akanishika mkono akaniomba, kwa vile sasa mimi ni mtu wa uchunguzi, nimtafutie ni nani aliandika ile ripoti, ndio huyo mtu aje amwombe mume wake msamaha kabla hajafa. Kisha akaenda jikoni kupika chai.

Mzee alingoja mpaka akasikia mlango wa jikoni umefungwa.

"Mwiitu wakwa," akaniita, binti yangu kwa Kikamba, kama alivyoniita siku zote. "Ile ripoti nilisomewa ofisini. Yale maneno ni yale niliyokufunza mimi."

Nililia. Nikamwambia yote, ya mtu wa stoo, ya karatasi ya zamani, ya bosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono iko magotini. Halafu akasema nisimwambie mke wake kitu, kwa sababu yule mama ananipenda. Na nisiende kubishana na bosi, maana nikifukuzwa, watoto wangu watakula nini.

"Wacha mmoja wetu apande," akasema.

Chai ikaletwa. Mama akaniuliza kama sukari inatosha, nikasema inatosha, na sikuwa nimeionja.

Tangu siku hiyo mama hunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani peke yake. Ananiuliza kama nimempata yule mtu. Namwambia bado ninachunguza. Ananibariki, ananiombea kazi yangu, anakata simu, nami nabaki nimeketi kitandani na sare ya wiki ijayo sijaipiga pasi.

Nikimtii mzee, atazikwa akiitwa mwizi. Nikisema ukweli, nitapoteza kazi aliyonitengenezea yeye mwenyewe, na nitakuwa nimemnyima kitu kimoja tu alichowahi kuniomba. Nyinyi mnaosoma, msinionee huruma, nipeni tu ushauri. Jumapili hii simu italia tena. Huyo mama nimjibu nini?