Alumini Haiwi Nyekundu

Kuna kazi moja ya kuchomelea kwa gesi ambayo nikiifanya najiona mimi ndiye mimi: kuunganisha bomba la shaba na la chuma bila kuyeyusha hata moja. Unayapasha moto mpaka yashike wekundu, unagusisha fimbo ya brasi, nayo inayeyuka peke yake na kupenya katikati. Ikipoa imeng'ang'ania pande zote mbili. Ndiyo kazi niliyotaka mama mkwe aione.

Alikuwa ametoka kijijini kwao Magharibi kuja kuangalia kama binti yake ameolewa au ameokotwa tu, maana tulianza kuishi pamoja kabla sijakanyaga kwao. Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe, wala hawasemezani ana kwa ana. Alilala kwa dada yake mtaa wa Lindi, asubuhi akaja mtaani kwetu Gatina, akakaa ng'ambo ya njia, mbali na karakana yangu. Alikuwa amemletea binti yake sufuria kubwa ya alumini ya kupikia wageni. Mkono mmoja wa sufuria hiyo, wa chuma, ulikuwa umeng'oka safarini.

"Si upige tu ribiti?" mke wangu akaniambia. "Toboa, gonga nyundo, tupike chai."

Ribiti! Ribiti ni ya mtu asiye na gesi. Nikawasha moto.

Nilijua vizuri kwamba alumini huyeyuka kabla ya brasi, tena haikuonyi, haiwi nyekundu. Lakini majirani walikuwa wamesimama wakitazama, na kichwa changu kilikuwa kimevimba. Nikangoja wekundu kwa mazoea. Sufuria ikakaa nyeupe vile vile, halafu ubavu mzima ukaanguka miguuni pangu.

"Wueh, fundi! Leo umepika sufuria yenyewe!" mtu wa boda akapiga kelele, na njia nzima ikacheka.

Kicheko chao ningekivumilia. Lakini mama mkwe alikuwa amegeuka na kujifunika uso kwa leso, jinsi wanawake wa kwetu wanavyofanya wakimfumania mkwe akioga. Nilisimama pale na moto mkononi, nikijihisi uchi.

Kisha nikamsikia akimwambia binti yake, bado amenipa mgongo:

"Mwambie mume wako azime huo moto aingie ndani. Watu wanamwona."

Mume wako. Kabla ya hapo nilikuwa "huyo" tu. Nilikuwa nimetamani sana kuitwa hivyo, na siku nilipoitwa sikuweza hata kuinua uso.