Simu Inayodhani Mkulima Amelala

Saa nne asubuhi kijijini Usoke, Advera Renatus anaikodolea macho simu iliyotundikwa msumarini, nje ya bani la kukaushia tumbaku. Ndani, joto limepita kiasi. Kipimajoto kimekwisha kutuma taarifa. Simu imenyamaza.

"Lia basi, we!" anaifokea.

Mwenye bani, Mzee Gervasi Irankunda, anachomoa kuni tanuruni bila haraka. "Mwanangu, simu hii inauheshimu usingizi wangu kuliko mke wangu. Tatizo silali."

Advera, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, hubuni arifa za simu mjini Tabora. Kazi yake ni kuifanya simu itambue hali ya mwenyewe: inyamaze akiwa kanisani, ingoje akiwa juu ya baiskeli, imwite penye hatari. Kwa kuwa wanaokesha motoni hulala mchana, aliiagiza simu isiyoguswa kwa nusu saa ihesabu kwamba mwenyewe amelala.

Hakujua kwamba mkulima anayechochea moto hakai na simu mfukoni. Joto huharibu betri, hivyo huitundika nje. Wiki iliyopita majani ya bani la jirani yaliungua yote, simu ikining'inia kwa adabu.

"Lakini ujumbe wa bahati nasibu ulilia katikati ya misa!" anadakia Bi Spesioza, mke wa mzee. "Padri akanitazama mimi!"

"Ule si wangu, mama. Mimi kazi yangu kuzima kelele kama zile."

"Basi umezima wa kwako."

Advera anashusha pumzi. Chama cha wakulima kimemwachia bani hili moja la kujaribia; likiungua, programu yake itaondolewa katika simu zote.

"Nimechoka kukisia," anasema kwa ukali. "Mkulima akiwasha moto, atabonyeza kitufe. Tangu hapo hadi moto uzimwe, arifa ya joto haizuiliwi na chochote. Asipoipokea, italia simu ya mkewe."

"Hata nikiwa kwayani?"

"Hata kwayani, mama."

Bi Spesioza anamtazama mumewe, kisha bani. "Ilie. Padri nitamweleza mwenyewe."

Advera amepanga kurekebisha programu hapa hapa Usoke, wala hatarudi mjini kabla bani halijafunguliwa. Anataka ayaone majani ya tumbaku yakitolewa yakiwa na rangi ya dhahabu.