Laini Ambayo Mama Hakuchomoa

Watu wangu, kumbe nimezaliwa kwa sababu ya kasoro ya mtandao.

Jioni hii nilikuwa naelezea Baba kilichonichosha kazini. Kompyuta zote za ofisi hutoka nje kwenye intaneti kwa anwani moja, na kernel, ule moyo wa mfumo wa kompyuta, ndiyo hujua nani anaongea na nani. Sasa mazungumzo yakiisha, ilikuwa inasahau kufunga njia. Mgeni anaingia.

Baba akacheka. "Hivyo ndivyo nilivyompata mama yako."

Miaka ya themanini Mama alikuwa opereta wa simu, kampuni ya unga hapa Eldoret. Ofisi zote, namba moja, na yeye ndiye aliunganisha kila simu kwa kuchomeka waya.
Baba akapiga kutoka mji wa Burnt Forest kuuliza bei ya mahindi. Karani wa kampuni akamjibu na kuweka simu chini, Mama akasahau kuchomoa waya. Wakabaki wawili kwa laini, Baba na Mama.

Mama alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa.

"Nani alikuambia nilisahau?"

Baba ameweka kikombe chini. Wazazi wenu walipatana aje?