Chapa ya Unyayo wa Kuku

Mjukuu wangu alikuja likizo amevaa fulana ya mtumba yenye duara kifuani. Ndani ya duara kuna mstari ulionyooka, na chini yake miguu miwili imetawanyika kama unyayo wa kuku. Akaniuliza kama najua maana yake. Nikamwambia najua sana, ni chapa ya ng'ombe. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema, bibi, hii ni alama ya amani, dunia nzima inajua. Nikamwacha acheke. Dunia nzima haikuwepo pale getini.

Wakati ule mashamba ya ngano ya serikali yalianzia chini ya mlima Hanang yakaenda mpaka macho yanachoka. Sisi tulikaa upande wa Gitting, watu wa jembe na wa kanisa, tuna maharage yetu na ng'ombe wa kuhesabu kwa vidole. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka vita vya Uganda. Walimchukua kama mgambo, wakampa bunduki, akaenda, akarudi. Wenzake wengine walirudi na redio. Wangu alirudi na blanketi la jeshi na tabia mpya: akiingia mahali popote, kwanza alitafuta ukuta, akauegemea, akakaa anatazama mlango. Harusini alikaa hivyo, sahani mapajani, macho mlangoni, na wenye harusi wakadhani anataka kuondoka mapema. Mwanzoni niliona aibu. Baadaye aibu ikaisha, ikabaki huzuni.

Mtu mmoja tu aliweza kumtoa ukutani. Alikuwa mfugaji wa Gendabi, waliyechukuliwa naye siku moja na kuwekwa kikosi kimoja. Alikuwa akija kwetu na fimbo yake na kibuyu cha maziwa, anakaa upande unaotazama mlango bila kuambiwa. Basi mume wangu alivuta kigoda mpaka katikati ya chumba, akaupa mlango mgongo, akanywa chai yake yote. Hawakuongea mengi. Walizungumza habari za kupe na minyoo ya ndama.

Kisa chao nilikisikia mara moja, tena kwa mfugaji, siku alipotukuta tunapukuchua mahindi. Huko vitani magari yao yalipakwa alama nyeupe ya chokaa, ili wenzao walioko nyuma na mizinga wajue hawa ni wetu, wasipige. Siku moja ikanyesha mvua kubwa. Chokaa ikaoshwa. Wenzao wakapiga. Mfugaji alimvuta mume wangu mguu kutoka chini ya lori kama anavyovuta ndama aliyekwama tumboni. Mume wangu aliendelea kupukuchua wakati wote wa maelezo hayo. Mwisho akasema tu kwamba mvua ile ilikuwa nzuri kwa mahindi.

Halafu akapata kazi ya ulinzi kwenye shamba la ngano, wakamweka kwenye geti. Mimi nilipika jikoni kwa wafanyakazi, hatua chache kutoka pale, kwa hiyo ninayosema niliyaona. Barabara iliyopita kwenye geti lile ilikuwa zamani njia ya ng'ombe kwenda majini, na kabla ya ngano kuja hakuna aliyemwomba mtu ruhusa ya kunywesha. Sasa amri ilikuwa moja: ng'ombe hapiti. Siku ya kwanza mume wangu alipomrudisha rafiki yake na mifugo yake, yule hakugomba. Alitazama lile koti la ulinzi, akageuza ng'ombe, akazunguka njia ndefu inayomaliza nusu ya siku. Tangu hapo hakukanyaga kwetu.

Mume wangu akarudi ukutani. Nilimwambia aache kazi. Akaniuliza kama watoto watakula urafiki. Nikamwambia watoto hawawezi kumla baba aliyekauka pia.

Hapo ndipo fundi mzungu alipotuletea amani. Alikuwa fundi wa mitambo ya kuvunia, ndevu mpaka kifuani, mpole, alimwamkia shikamoo kila mtu hata watoto wa darasa la kwanza. Siku moja, kazi zikiwa zimepungua, alichukua rangi nyeupe akachora lile duara kwenye bati lililofungwa juu ya mabomba ya geti, kubwa, la kuonekana toka mbali. Madereva walidhani ni nembo ya matrekta mapya, wakaulizana kama vipuri vyake vitapatikana. Mume wangu alizunguka geti pande zote mbili, akaja akamsimamia fundi.

"Hii ni ya kikosi gani?"

Fundi akaeleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba si ya kikosi. Ni amani. Kwao vijana waliivaa kukataa vita.

"Na baba yako anaionaje?"

Fundi akainamisha kichwa. Baba yake alipigana vita vikuu, akasema, na alimkataza kabisa kuingia nayo nyumbani.

"Baba yako ana akili," mume wangu akasema. "Mimi siikatai amani. Lakini nani amewaambia wenye mizinga?"

Fundi alicheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. Nje ya geti, upande wa pili wa barabara, yule mfugaji alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo, anasikiliza yote. Aliitazama alama muda mrefu. Akaondoka bila salamu.

Mwaka ule mvua ilikuja kidogo ikakatika. Ngano ilikuwa imeshapata maji yake ikawa kijani, ila malisho ya nje yaliliwa mpaka udongo. Ng'ombe wa Gendabi walionekana mbavu, na ile njia ndefu ya kuzunguka ikaanza kuwaangusha. Mume wangu aliwaona wakipita kwa mbali kila siku. Alianza kuacha chakula.

Asubuhi moja tukaona vumbi linakuja moja kwa moja getini. Mfugaji alikuwa mbele, ng'ombe wake wote nyuma. Niliacha mwiko kwenye ugali nikatoka. Kila ng'ombe alikuwa na chapa mpya ya moto pajani, kidonda bado kibichi: duara, mstari, unyayo wa kuku. Hata ndama walikuwa nayo. Ilichomwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, ikanyooka kuliko hata ile ya getini, maana fundi alikuwa amepinda mguu mmoja.

Fundi mzungu alitoka karakana akaona. Akawa mwekundu.

"Wamekuja na alama yenu," mfugaji alimwambia mume wangu. "Wapite."

"Nani alikwambia uwachome?"

"Rangi inaoshwa na mvua. Unajua."

Mume wangu akashika bomba la geti. Wakati huo meneja alikuwa ameshafika na gari, mtu wa mjini, viatu vinang'aa hata shambani. Akauliza kulikoni. Alipoelezwa habari ya chapa alisema hajawahi kusikia upuuzi wa namna hiyo tangu azaliwe, na kwamba mlinzi awakamate ng'ombe wote awaingize zizi la shamba, mara moja.

Kwa ng'ombe wale, zizi la shamba maana yake kukaa bila maji mpaka karatasi zikamilike. Wangekufa kabla hazijakamilika. Sote tuliokuwepo tulijua hivyo, na meneja labda alijua pia.

Huku kwetu, mfugaji na mkulima, kuna jambo tunaloheshimu wote. Mtu akija kwako na majani mabichi mkononi, ameomba amani, na ukiyapokea humgusi, hata kama amemuua ndugu yako. Mfugaji aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Nje ya geti hapakuwa na jani hata moja. Ng'ombe wake wenyewe walikuwa wamelimaliza. Basi akaingiza mkono kati ya mabomba ya geti, akang'oa ngano ya serikali konzi nzima, na mizizi na udongo wake, akamnyooshea mume wangu.

"Mwizi!" meneja akapiga kelele. "Mbele ya macho yetu! Mlinzi, unaona?"

"Naona," mume wangu akasema.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akasimama nayo. Ng'ombe mmoja alinyoosha shingo juu ya geti aionje, mume wangu akamsukuma taratibu kwa kiwiko. Kisha akafungua geti.

Ng'ombe walipita barabarani katikati, wamebanana, wakielekea majini, na mfugaji alikimbia huku na huku kuwazuia wasiguse ngano pembeni, kwa sababu sasa ilikuwa ngano ya mtu waliyepatana naye. Fundi mzungu alishikilia geti lisijifunge. Meneja alimfukuza mume wangu kazi kabla ng'ombe wa mwisho hajapita. Mume wangu alivua koti la ulinzi, akalikunja kijeshi, akaliweka juu ya boneti ya gari la meneja, akaondoka na ngano yake. Mimi nikarudi jikoni. Ugali ulikuwa umeungua, nikaupakua hivyo hivyo, na siku ile hakuna aliyelalamika.

Geti lilipakwa rangi nyingine siku ya pili yake. Fundi alikaa mpaka mavuno, halafu akarudi kwao. Sijui kama alipatana na baba yake. Njia ya maji haikufunguliwa tena, na sitaki kumdanganya mtu kwamba ilifunguliwa. Sisi tulirudi kwenye jembe, tukabana matumizi, ng'ombe haelemewi na nunduye. Nililia kwa ajili ya ile kazi, kwa siri, nyuma ya ghala, na nilikuwa na haki ya kulia.

Ila alasiri ya siku ile ile ya ng'ombe nilirudi nyumbani kuchemsha chai, nikasikia mtu anagonga fimbo kizingitini. Mfugaji aliingia na kibuyu cha maziwa, akanisalimu, "Hujambo, shemeji," kama mtu aliyekuja jana. Akakaa upande wake unaotazama mlango. Mume wangu alikuwa anaoga uani. Aliingia akijifuta shingo, akamwona, akasimama. Kigoda chake kilikuwa ukutani, pale pale nilipokizoea. Akakiinua, akakiweka katikati ya chumba, akakaa.

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake. Akanywa chai yake yote, akaniuliza kama ya pili ipo.